Kulala melini: chumba gani kinakufaa?

Shule zinapofungwa, na hasa Desemba, familia nyingi za Madale, Goba na Tegeta hufunga safari kwenda Kagera. Wengi hupanda basi Stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Bukoba. Wapo wanaoteremka Mwanza, wakapanda meli jioni na kuvuka Ziwa Victoria usiku wakiwa wamelala. Hao ndio hutuuliza: "Nina mama mzee na watoto wawili, nikate tiketi ya daraja gani?"

Jibu si bei peke yake.

Madaraja na maana yake

Meli ya MV Victoria, iliyoingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurejea kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ina vyumba vya kulala na sehemu za kukaa. Kwa desturi ya meli zetu za maziwa, chumba cha daraja la kwanza huwa cha watu wawili. Vyumba vya daraja la pili hulaza watu zaidi, vitanda vikiwa vya juu na chini, na huenda ukachanganywa na usiowajua. Daraja la tatu ni la kukaa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: chumba kina vitanda vingapi, wanaume na wanawake hutenganishwa vipi, na choo kiko umbali gani. Kwa mama mzee, omba kitanda cha chini. Ngazi ya kitanda cha juu ni hatari usiku, chombo kinapoyumba.

Chumba kiko upande gani wa meli?

Meli kwenye mawimbi hucheza kama pembea ya ubao: anayekaa katikati hatikisiki sana, wa ncha zote mbili ndio hupanda na kushuka. Kwa hiyo anayechafukwa na tumbo akae katikati ya meli, na si sitaha ya juu kabisa, kwa sababu huko myumbo kushoto na kulia ni mkubwa zaidi.

Ila kuna bei yake. Chini na nyuma, karibu na injini, kuna kelele, joto na harufu ya mafuta, na harufu hiyo nayo huchafua tumbo. Ukipata chumba cha katikati chenye dirisha, umepata kizuri. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Muulize mfamasia, hasa kwa mjamzito na mtoto, maana baadhi ya dawa hizo hulevya usingizi.

Daraja lolote, jina lako liandikwe

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na waliofariki wanakadiriwa kufika zaidi ya 800. Orodha iliyokuwapo ilihusu daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na ndiyo maana hata leo hakuna anayeweza kutaja idadi kamili. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa abiria 101 kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo kata tiketi yenye jina lako, na watoto nao waandikwe. Usinunue kwa mtu wa getini anayekuambia "utapata nafasi humo ndani". Ukiona watu wamejaa mpaka njia zimeziba, shuka. Nauli itatafutwa nyingine.

Ukishaingia chumbani, kabla ya kufungua begi, tafuta jaketi za kuokolea maisha na uzihesabu. Uliza ya mtoto iko wapi, kwani ya mtu mzima humvuka kichwani. Kisha tembea na familia yako kutoka kitandani mpaka sitaha ya wazi, mkihesabu milango. Umeme ukizimika, miguu itakumbuka njia. Mzee asiyetembea vizuri apate chumba kilicho karibu na ngazi, hata kama kina kelele kidogo.

Je, Zanzibar?

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam hutumia takribani saa mbili, kwa hiyo unachagua kiti tu. Kanuni ni ile ile: kaa katikati au nyuma kidogo, sitaha ya chini. Katika miezi ya kusi, kati ya mwaka, bahari huchafuka zaidi. Kama ratiba inaruhusu, ondoka asubuhi, wakati upepo kwa kawaida haujashika kasi.

Kwa yule wa Madale aliyetuuliza: kama pesa inatosha chumba kimoja tu cha daraja la kwanza, mpe mama na mtoto mdogo. Wewe na mkubwa mnaweza kuvumilia usiku mmoja wa kukaa, mradi majina yenu wote wanne yamo kwenye orodha.