Kutoingiliwa na Kutotawaliwa: Misaada ya Nje na Chimbuko la Kujitegemea Tanzania, 1964–1967

Nadharia ya siasa hutofautisha uhuru wa kutoingiliwa na uhuru wa kutotawaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Philip Pettit alishikilia kwamba mtumwa wa bwana mpole angali mtumwa, kwa kuwa upole huo hutegemea hiari ya bwana. Makala hii inadai kwamba Tanzania iliikabili hoja hiyo, katika uhusiano wa mataifa, miongo mitatu kabla.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa tayari na ubalozi Zanzibar, na Ujerumani ya Magharibi haikukubali itambuliwe kwa namna yoyote. Tanzania iliporuhusu ofisi ya konseli Dar es Salaam, Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi Februari 1965. Nyerere alijibu kwa kuikataa misaada mingine ya serikali hiyo. Desemba mwaka huohuo, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Kabla ya matukio hayo misaada ilitolewa bila kishindo. Hata hivyo, uwezo wa kuikatisha ulikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1965 uliudhihirisha tu.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lililitamka fundisho hilo: kutegemea fedha za nje ni kuhatarisha uhuru. Msamiati wake una uzito. Neno *uhuru* lilitaja kuondoka kwa mtawala. *Kujitegemea*, kwa kiambishi *-ji-* kinachomrejelea mtenda, lilihoji nani anashikilia egemeo la taifa.

Jibu hilo lilikuwa na mipaka miwili. Kwanza, dola iliyokataa amri za wafadhili iliwahamishia wananchi vijijini kwa amri katika miaka ya 1970. Pili, taifa moja haliwezi kubadili kanuni za uchumi wa dunia peke yake. Tamko la Umoja wa Mataifa la Mei 1974 kuhusu Utaratibu Mpya wa Uchumi wa Kimataifa halikutekelezwa, na mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Kwa hiyo, wanaotathmini mikataba ya misaada hawana budi kuuliza, zaidi ya kiasi na masharti, nani anaweza kuikatisha peke yake, na anawajibika kwa nani.