Pamba na Uzi Mwenza: Historia ya Ushuru wa Vitambaa vya Mchanganyiko

Kitambaa cha pamba tupu hakimpi ofisa wa forodha kazi kubwa. Kazi huanza pale pamba inapofumwa pamoja na uzi mwingine, kwa kuwa kitabu cha ushuru kina sura ya pamba na sura ya huo uzi mwingine, na viwango vyake si lazima vilingane. Swali la kitambaa hicho kihesabiwe upande gani lina umri wa karibu miaka 300, na mara nyingi jibu la sheria ndilo lililowaelekeza wafumaji wafume nini.

Mfano wa kale ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 17 kaliko za India, yaani vitambaa vya pamba, zilizonakshiwa maua zilipendwa na wakubwa kwa wadogo, kwa sababu zilikuwa nyepesi, zilifulika na rangi yake haikuchuja. Wafumaji wa sufu na hariri waliona riziki inawatoka. Sheria ya 1700 ilizuia kaliko hizo zisiingizwe nchini kwa matumizi ya ndani, lakini kaliko nyeupe ziliendelea kuingia na kutiwa nakshi London. Mwaka 1719 wafumaji wa Spitalfields waliingia barabarani, wakawamwagia wino na tindikali wanawake waliovaa kaliko. Miaka 2 baadaye Bunge lilipiga marufuku hata kuivaa.

Sheria hiyo ya 1721 iliacha mwanya. Fastiani, kitambaa chenye mtande (nyuzi za urefu) wa kitani na mshindio (nyuzi za upana) wa pamba, haikuguswa. Wafumaji wa Lancashire walikuwa wakiifuma hivyo kwa sababu ya kiufundi tu: uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono ulikuwa dhaifu, ukikazwa kitandani mwa mfumi hukatika, ilhali kitani huvumilia. Sasa udhaifu huo ukageuka kinga. Wapinzani walidai kwamba fastiani iliyonakshiwa ni kaliko kwa jina jingine, na madai yao hayakuwa ya bure, kwani machoni vitambaa hivyo vilikaribiana sana. Sheria ya 1736, iitwayo Sheria ya Manchester, ilimaliza ubishi kwa kutamka kuwa kitambaa cha kitani na pamba kilichofumwa Uingereza ni halali kunakshiwa na kuvaliwa. Nyuzi za mtande zikawa ndizo zinazotenganisha halali na haramu.

Mpaka huo ulivunjwa na mashine. Richard Arkwright alipata hataza ya mashine yake ya kusokotea mwaka 1769, na uzi wake wa pamba ulikuwa na nguvu ya kutosha kuwa mtande. Kitambaa cha pamba tupu kikawezekana kufumwa Uingereza kwenyewe, lakini kisheria kilikuwa kaliko ileile iliyokatazwa. Mwaka 1774 Bunge likakiruhusu kwa ushuru wa peni 3 kwa yadi, kwa sharti moja linaloonyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kutambua kitambaa kwa macho: katika kila ukingo, urefu wote wa jora, zipite nyuzi 3 za buluu, yaani uzi wa kwanza kutoka nje, wa tatu na wa tano. Ofisa alihesabu nyuzi ukingoni, akajua kitambaa ni cha nyumbani.

Si kila forodha ilihitaji ujanja huo. Mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena iliyoshushwa. Kitambaa cha merikani kilichofika Unguja kutoka bandari ya Salem, Marekani, hakikuulizwa uzi wake, kwa kuwa kiwango kilikuwa kimoja.

Swali lilirudi kwa nguvu baada ya poliesta, iliyobuniwa mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wakemia wa Calico Printers' Association ya Manchester. Ikichanganywa na pamba, ilitoa kitambaa kisichokunjamana na kinachokauka upesi. Mkataba wa kimataifa wa 1962 uliwabana kwa mgao wauzaji wa nguo za pamba, nao wakahamia nyuzi za sintetiki na michanganyiko yake. Mwaka 1974 ukaja mkataba mpana zaidi, uliozijumuisha nyuzi hizo pamoja na sufu, na mfumo huo wa mgao ulidumu hadi mwisho wa 2004.

Nchi pia hazikupima kwa kipimo kimoja. Marekani ilitazama uzi wenye thamani kubwa zaidi, hivyo bei ya pamba ikibadilika, kitambaa kilekile kingeweza kuhama fungu. Mfumo wa Uwianishaji, utaratibu wa kimataifa wa kupanga bidhaa za forodha kwa namba, ulioanza kutumika 1 Januari 1988, ulichagua uzito. Kitambaa chepesi cha shati chenye pamba asilimia 60 na poliesta 40 kinaingia kifungu cha 5210, pamoja na vingine vya pamba chini ya asilimia 85 visivyozidi gramu 200 kwa mita ya mraba. Kikiwa na poliesta ya nyuzi fupi asilimia 65 na pamba 35, kinahamia kifungu cha 5513, ambako kikomo ni gramu 170. Nusu kwa nusu, kinakwenda kwenye kifungu cha mwisho kwa namba, yaani upande wa sintetiki. Mwali wa moto hutoa dalili ya kwanza, kwani pamba huacha majivu laini na poliesta huyeyuka ikaganda kama ushanga, lakini asilimia huthibitishwa maabara kwa asidi ya salfuriki inayoyeyusha pamba na kuiacha poliesta ipimwe.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliongeza kigezo cha tatu. Kanga, kikoi na kitenge vimetajwa kwa majina ndani ya vifungu vya pamba na vilevile vya poliesta iliyochanganywa na pamba, vyote kwa asilimia 50. Kwa hiyo muagizaji wa kitenge hapati nafuu kwa kupunguza pamba na kuongeza poliesta, ingawa namba ya kuandika kwenye tamko lake bado hutegemea uzito wa kila uzi.