Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda: Nyumba Mbili na Jirani Yao

Katika Kinyarwanda, makumbusho huitwa ingoro, neno ambalo asili yake ni makazi ya mfalme, na ambalo nasi wasemaji wa Kirundi tunalielewa bila mkalimani. Kiswahili kimechukua njia nyingine: makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Wanafunzi wetu huuliza lipi ni bora. Huwa tunawajibu kwa habari za nyumba mbili, ambazo zote zinatuhusu sisi wa Bujumbura.

Ya kwanza ni kasri la Rwesero, Nyanza, lililojengwa kwa ajili ya Mwami Mutara III Rudahigwa kati ya 1957 na 1959. Hakuwahi kuhamia humo. Alifariki ghafla hapa Bujumbura, enzi hizo Usumbura, tarehe 25 Julai 1959. Baadaye kasri likatumika kama mahakama, na mwaka 2006 likafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa. Nyumba ambayo mwenyewe hakuilalia haikuwa na mengi ya kushindana na picha.

Mwaka 2018 makumbusho hayo yalihamishiwa Kanombe, Kigali, katika nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana. Hapo mambo ni mazito. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege yake ilitunguliwa ikijiandaa kutua, akafa yeye pamoja na Rais wetu Cyprien Ntaryamira na wote waliokuwamo. Mabaki yaliangukia kwenye uwanja wa nyumba hiyohiyo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, yakadumu takriban siku 100.

Vyuma vile havikuondolewa. Wapo wanaoona kwamba sanaa ilistahili nyumba safi, isiyo na kisa. Sisi hatukubaliani nao. Vingeondolewa, Kanombe ingebaki nyumba ya kifahari yenye picha ukutani, na Mrundi angepita humo kama mtalii tu. Aidha, wachoraji wa leo hawalazimiki kuchora mwaka 1994. Wanachora ng'ombe, soko, mapenzi, nayo bustani inasema yake.

Kwa walimu wanaotafuta zoezi la insha: waulizeni wanafunzi kama mabaki yale ni mali ya ingoro au ya makumbusho. Darasa letu la mwaka wa pili bado halijaafikiana.