Mbunifu Akishika Ukili

Susan Kare alikuwa akiunganisha vyuma vya sanamu ya nguruwe, kazi aliyoagizwa na jumba moja la makumbusho la Arkansas, rafiki yake Andy Hertzfeld alipompigia simu na kumvuta Apple. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984, alama nyingi zilizoonekana kwenye kioo chake zilitoka mkononi mwa Kare, kila moja imejengwa ndani ya miraba 32 kwa 32. Nyingi alianza kuzichora kwenye daftari la miraba. Ameeleza kwamba kazi hiyo haikuwa ngeni kwake: utotoni mama yake alimfunza kutarizi kwa kuhesabu nyuzi.

Nimeanza na Kare kwa sababu wabunifu wengi wa kompyuta wanaotafuta kazi ya mikono huambiwa kwamba wataenda kupumzisha macho na akili. Sikatai, ila hiyo ni faida ndogo; Kare anaonyesha kwamba kazi zote mbili ni hesabu ile ile. Aliyewahi kukaa karibu na msusi wa mikeka anajua kuwa ukili, ule ukanda wa ukindu unaosukwa na kushonwa kuwa mkeka, ni hesabu. Ukindu huchanwa, hukaushwa, hutiwa rangi kwenye maji yanayochemka, kisha huloweshwa kidogo ulainike. Halafu chane za rangi hupangwa kwa zamu, na ua hutokea lenyewe endapo zamu haikuvunjwa. Kofia za viua nazo ni hivyo hivyo: mshona kofia hugawa duara na mzunguko wake tundu kwa tundu, mpaka mwisho wa mchoro ukutane na mwanzo. Hiyo ni akili ile ile anayoitumia mbunifu kazini, isipokuwa sasa inapita kwenye vidole.

Uingereza, William Morris alifika kwenye kazi ya mikono kwa njia nyingine. Alikuwa mchoraji wa nakshi za karatasi za ukutani na vitambaa, mwenye kampuni na wafanyakazi, lakini hakuridhika kuchora kitu asichoweza kukitengeneza. Alijifunza kutia rangi kwa mikono yake, na mwaka 1879 akafunga kitanda cha kufumia chumbani mwake Hammersmith, akajifunza kufuma kwa kufuata kitabu cha zamani cha Kifaransa. Zulia lake la kwanza la ukutani lilimchukua zaidi ya saa 500. Aliamini kwamba kumtenga anayebuni na anayetengeneza kunawadhuru wote wawili, na naona alisema kweli. Hata hivyo, vitu vyake vilivyotengenezwa kwa mikono vilikuwa ghali, na wanunuzi wake wengi walikuwa matajiri.

Tofauti na Morris, Yanagi Sōetsu wa Japani hakuwa fundi. Alikuwa mwanafalsafa na mkusanyaji. Mwaka 1925, yeye na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō waliipa jina la mingei sanaa ya watu wa kawaida, na mwaka 1936 jumba lake la makumbusho likafunguliwa Tokyo. Alichokipenda ni bakuli la kila siku, la fundi asiyeweka jina lake, lililong'aa kwa kutumiwa. Kwa mbunifu ambaye kutwa kazi yake inapimwa kwa idadi ya waliotazama, fundisho hilo ni tamu sana.

Lakini kati ya Morris aliyejifunza kitabuni na Yanagi aliyestahi mafundi kwa mbali, naona pwani yetu ina kitu ambacho wote wawili hawakukitilia mkazo: mwenzako aliyekaa pembeni. Ukili husukwa barazani, mazungumzo yakiendelea, na mtoto hujifunza kwa kukaa pale. Wengi hudai kwamba kompyuta hufuta kosa na mkono haufuti. Si hivyo. Ukili hufumuliwa, tena mara nyingi, ila anayekuamuru ufumue ni bibi aliyeinua macho akaona chane imeruka. Kompyuta humwachia mbunifu aamue peke yake lini kazi imeharibika. Barazani yupo mtu mwenye jicho la miaka mingi, na hakuonei haya. Mimi naamini jicho hilo ndilo mbunifu amelikosa zaidi, kuliko hata kugusa kitu chenye uzito.

Kwa hiyo simshauri mtu aanze na video za intaneti. Aanze kwa kumwamkia shangazi, jirani au mama wa sokoni anayeuza mikeka, amwombe akae naye. Na amlipe. Kwa mbunifu mwenye mshahara, ukili ni burudani ya jioni. Kwa mwalimu wake unaweza kuwa ndio ada ya shule ya wajukuu. Lipo na jambo la michoro. Ni rahisi mno kuupiga picha mkeka wa mtu, kuugeuza nakshi ya kompyuta na kumuuzia mteja bila msusi kujua. Aliyefunzwa ua fulani na bi mkubwa akitaka kulipeleka kazini, arudi barazani kwanza, amwonyeshe, wakubaliane malipo, na msusi akitaka jina lake litajwe, litajwe.