Mseto Usiosanifiwa: Giza la Unguja la 2008 na 2009–2010 katika Historia ya Nishati ya Kisiwa

Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika katika kisiwa chote cha Unguja, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Tarehe 10 Disemba 2009 ulikatika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Katika maandishi mengi ya kihandisi matukio haya hutajwa kwa sentensi moja tu, kama hitilafu mbili za waya wa baharini. Makala haya yanayatazama kwa namna nyingine. Hoja yake ni kwamba katika siku hizo Unguja iliendeshwa na mfumo wa nishati mseto, yaani mfumo unaochanganya vyanzo kadhaa pamoja na njia za kuhifadhi nishati. Ila mfumo huo haukusanifiwa na mtu yeyote, na gharama yake iliwaangukia wasioweza kuibeba. Anayepanga leo paneli za sola na betri kwa ajili ya kisiwa hiki hana budi kuusoma.

Umeme si mgeni Unguja. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, linakumbukwa kama jengo la kwanza mjini kuwa na taa za umeme, na mwanzoni mwa karne ya 20 taa hizo zilikwishafika mitaani. Kwa miongo mingi umeme ulizalishwa kisiwani humo humo, na hatimaye kwa mitambo ya dizeli ya Mtoni. Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika miaka ya 1970, na bwawa la Kidatu likaanza kuzalisha umeme Tanzania Bara mwaka 1975, hoja ya kuungana na gridi ya Bara ikawa na nguvu. Mwaka 1980 waya wa kilovolti 132, wenye uwezo wa megawati 45, ulianza kufanya kazi kati ya Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na Ras Fumba. Wapo wanaoulaumu uamuzi ule. Mwandishi hakubaliani nao, kwani umeme wa maji ulikuwa rahisi kuliko dizeli na waya ule ulidumu takriban miaka thelathini. Kosa lilikuwa katika kilichofuata. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, nguzo zilisambazwa vijijini hadi pwani ya mashariki, kikiwemo kijiji cha Uroa, ambako mwanaanthropolojia Tanja Winther alifanya utafiti wake unaojulikana sana. Hoteli nazo ziliongezeka. Mzigo wote huo uliwekwa juu ya waya mmoja, huku mitambo ya zamani ya Mtoni ikiachwa bila uwezo wa kukibeba kisiwa siku waya utakapokosekana.

Waya ulipokosekana, kila mwenye uwezo alijitengenezea chanzo chake. Hoteli na maduka makubwa yaliwasha jenereta. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo kuta zake zinakaribia kugusana, moshi na ngurumo za mashine hizo havikuwa na pa kutokea. Nyumba nyingi zilirudia kandili na mishumaa. Mwandishi, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, anakumbuka zaidi foleni ya madumu kuliko giza lenyewe, kwa sababu pampu za maji zilisimama pamoja na taa. Jambo hili lina kejeli ya kihistoria. Katika karne ya 19 Barghash aliuletea mji maji ya chemchemi za Chemchem kwa mfereji uliotegemea mteremko wa ardhi peke yake.

Ni akina nani waliolipa? Mchumi Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za wodi ya wazazi baada ya giza la 2008. Aligundua kwamba watoto waliokuwa katika hatua za mwanzo za ujauzito wakati umeme umekatika walizaliwa na uzito mdogo zaidi, kwa wastani wa gramu 75, na akalihusisha jambo hilo na kupotea kwa kipato cha familia. Mwenye jenereta alinunua dizeli kwa bei ghali lakini aliendelea na biashara yake. Fundi cherehani, fundi wa kuchomelea na muuza barafu walikosa chombo cha kazi.

Katika usanifu, funzo la kwanza linahusu muda. Tuchukue, kwa mfano tu, wastani wa mzigo wa megawati 30. Wiki nne za mzigo huo ni megawati-saa 20,160. Benki ya betri inayotoa megawati 20 kwa saa nne huhifadhi megawati-saa 80, sawa na matumizi ya kisiwa kwa muda usiofikia saa tatu. Betri, basi, ni chombo cha sekunde na saa: hutuliza mawimbi ya gridi na kuuvusha umeme wa jua la mchana hadi kilele cha matumizi baada ya magharibi. Pengo la wiki hulibwa na kitu kingine: jua linalorudi kila siku, upepo, au mafuta yaliyomo ghalani. Pendekezo linaloweka idadi moja ya hifadhi bila kusema ni ya muda gani halijajibu swali la 2008.

Funzo la pili linahusu majira. Giza la kwanza lilianza masika yakielekea ukingoni, mawingu yakiwa bado mazito, likaendelea kusi lilipokuwa likishika. La pili liliangukia kaskazi, wakati wa jua kali na watalii wengi. Hivyo historia imempa msanifu mitihani miwili iliyo tayari. Mfumo uliopimwa kwa wastani wa jua la mwaka unaweza kufaulu ule wa Januari na kuanguka ule wa Mei.

La tatu ni maji. Pampu inaweza kufanya kazi jua linapowaka na kujaza tangi lililo juu, na tangi hilo ni hifadhi ya nishati isiyochakaa kama betri. Katika orodha ya mizigo ya kulindwa, pampu na hospitali zitangulie viyoyozi.

Baada ya 2010 mambo yalibadilika. Jenereta za dharura za takriban megawati 25 ziliwekwa Mtoni, na mwaka 2013 ulizinduliwa waya wa pili, wa megawati 100, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Waya huo nao unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Gridi ya taifa ikianguka, nyaya zote mbili hazina cha kusafirisha. Mradi wa ZESTA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 142, umeingiza umeme wa jua na hifadhi ya betri katika mipango ya Unguja. Mtahini wa mradi wa aina hii angeanza na inveta. Inveta za kawaida hufuata mawimbi ya gridi, na gridi ikizimika nazo hujizima, hata kama ni saa sita ya mchana na jua liko utosini. Zinahitajika inveta zinazoweza kuunda mawimbi zenyewe na kukiendesha kisiwa kikiwa peke yake. Bila hizo, paneli za Unguja zitapunguza gharama za umeme katika siku za kawaida, lakini siku ya giza zitakuwa gizani pamoja na kisiwa chote.