Saa na Ramani ya Mgunda Mkali

Sisi tukaao Singida twaujua Mgunda Mkali, ile nyika ya upande wa Manyoni na Itigi iliyowatisha wapagazi wa zamani kwa ukosefu wa maji. Mwaka 1857 Burton na Speke waliipita wakienda Kaze, karibu na Tabora, nao walichukua kronometa, yaani saa za thamani kubwa zilizoundwa ili zisikosee majira.

Pengine mtu atauliza, msafiri wa miguu ana haja gani na sekunde? Sababu ni hii: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Msafiri hulinganisha majira ya mahali alipo na majira ya Greenwich aliyoyachukua ndani ya saa yake, na tofauti hiyo humwonyesha yuko mashariki kiasi gani. Katika nchi zetu, saa ikikosea dakika moja tu, kijiji huhama katika ramani karibu kilometa 28, nayo ni zaidi ya mwendo wa siku moja kwa mwenye mzigo.

Basi saa zao zote zilisimama njiani. Wakafunga risasi ya wakia nne kwa uzi wa inchi 39, wakaitundika kwenye tupa iliyofungwa mtini, ikawa kila ikibembea upande mmoja ni sekunde moja. Twausifu ufundi huo. Lakini risasi huhesabu muda mfupi tu, haihifadhi majira ya Greenwich. Hayo iliwalazimu kuyatafuta usiku, kwa kupima mwezi na nyota na kufanya hesabu ndefu.