Warsha kubwa ya usanifu mtandaoni

Warsha kubwa ya usanifu mtandaoni ni kikao cha kazi kinachowakutanisha wadau wengi wa shughuli moja, kuanzia watu thelathini hadi mia kadhaa, kwa video na ubao wa pamoja wa kidijiti, ili wakubaliane tatizo lao ni lipi kabla ya kubishania dawa yake. Hutofautiana na mkutano wa kutoa taarifa, ambamo mmoja husema na wengine huzima kamera. Hapa kila mshiriki huandika, huchora na hupiga kura. Makala hii inaitazama hasa pale ambapo baadhi ya wadau wako mbali na makao makuu, kama vile Bukama, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Asili

Mbinu yenyewe ilitangulia intaneti. Herbert Simon alikwisha kuandika mwaka 1969 kuwa usanifu ni njia ya kufikiri, si kazi ya wachoraji peke yao. Kampuni ya IDEO, iliyoundwa mwaka 1991, na baadaye shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, ziliigeuza fikra hiyo kuwa hatua za kufuatwa: msikilize mtumiaji, litaje tatizo, toa mawazo, tengeneza kielelezo, kijaribu. Baraza la Usanifu la Uingereza lilizichora hatua hizo kama almasi mbili: mawazo yapanuliwe kisha yabanwe, mara ya kwanza juu ya tatizo, mara ya pili juu ya suluhisho. Ugonjwa wa Korona ulipofunga kumbi mwaka 2020, warsha zilihamia Zoom, na vibandiko vya karatasi vikahamia kwenye mbao za kidijiti za Miro na Mural.

Kinachopungua kwenye skrini

Mwaka 2022 watafiti Melanie Brucks na Jonathan Levav walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mwezeshaji angepaswa kuyajua. Watu wawili wawili waliofanya kazi kwa video walitoa mawazo machache kuliko waliokaa chumba kimoja, kwa sababu macho hung'ang'ania skrini na fikra nazo hujifunga humo. Lakini katika kuchagua wazo lililo bora, wa video hawakuwa nyuma. Ushauri unaofuata ni wazi, ingawa warsha nyingi bado huukiuka: mawazo yatolewe watu wakiwa pamoja, au kila mmoja kimya mahali pake, mtandao utumike kulinganisha na kuchagua.

Kufikiri kimya nako kuna ushahidi wake. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kuwa watu wanaongoja zamu ya kusema hupoteza mawazo yao njiani. Mbinu ya Bernd Rohrbach ya mwaka 1968 inaikwepa kasoro hiyo: watu sita huandika mawazo matatu kila mmoja kwa dakika tano, kisha karatasi huhamia kwa jirani. Baada ya nusu saa yanapatikana mawazo 108. Haihitaji video, ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Bukama na wadau wake

Bukama ni mji wa kuunganisha safari. Reli kutoka Elisabethville, leo Lubumbashi, ilifika hapo mwaka 1918, na mizigo ikahamishiwa kwenye meli za mto Lualaba kuteremka hadi Kongolo. Mwaka 1928 reli, ikiwa imevuka mto, ilifika Ilebo, kupitia Kamina, ambayo leo ndiyo makao makuu ya jimbo. Chini ya mji kuna maziwa ya bonde la Upemba, Kisale likiwemo, ambayo samaki wake hulisha miji ya migodi ya Katanga.

Tuseme kampuni moja inataka kusanifu upya usafirishaji wa samaki hao. Wadau ni wavuvi, wakaushaji ambao wengi wao ni akina mama, wenye mashua, shirika la reli SNCC, machifu, mawakala wa pesa za simu, na wasimamizi wa Hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Mwenye fedha huenda yuko Kinshasa, na mtaalamu yuko Nairobi. Kuwaalika wote kwa kiungo cha video, kila mtu na simu yake, ni kuwaondoa wavuvi mapema: bando litaisha kabla ya dakika arobaini.

Njia inayofaa ni ukumbi kwa ukumbi. Kundi la Bukama hukaa chumba kimoja na mwezeshaji wao, huandika kwenye karatasi kwa Kiswahili au Kiluba, na kompyuta moja hupeleka picha za karatasi kwenye ubao wa pamoja. Kamina, Lubumbashi na Kinshasa hufanya vivyo hivyo. Mwito wa video hufunguliwa kwa vipindi vifupi tu, wakati wa kulinganisha na kupiga kura. Saa iandikwe pamoja na jina la mji, maana Kinshasa iko nyuma ya Bukama kwa saa moja na Nairobi iko mbele kwa saa moja.

Kifaransa ndicho mtego mkubwa. Meneja akianza kwa Kifaransa fasaha, mkaushaji wa samaki atakubali kila kitu. Kwa hiyo wakubwa huandika mwisho, na kura hupigwa bila majina.

Ubao na msomaji wake

Nchi ya Waluba, ambamo Bukama imo, ina mfano wa zamani wa ubao wa kupatanisha wenye mamlaka. Lukasa ni kibao cha mti kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga, makombe na pini za chuma. Watu wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu wa ufalme wa Waluba, walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia nasaba za wafalme, safari za mababu na haki za machifu. Mbudye waliwadhibiti pia watawala. Thomas Reefe alichapisha makala juu ya kibao hicho mwaka 1977, na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakakiweka katikati ya maonyesho yao ya New York mwaka 1996. Walichosisitiza ni kwamba kibao kimoja kilisomwa tofauti kulingana na hafla na waliohudhuria. Maana ilikuwa kwa msomaji aliyefunzwa miaka mingi.

Waendeshaji wa leo hujaza ubao vibandiko mia nne, kisha huutuma kwa barua pepe wakidhani umejieleza. Haujajieleza. Lazima awepo mtu wa kuusoma kwa sauti mbele ya wote, akisema wapi wamekubaliana, wapi wamegawanyika, na nani ataamua.

Mfano wa M-PESA

Afrika Mashariki ina somo lake, ingawa si la mtandaoni. Majaribio ya M-PESA, huduma ya pesa kwa simu, yalianza Kenya mwaka 2005, yakiziunganisha Vodafone, Safaricom, taasisi ya mikopo ya Faulu na benki. Wazo la awali lilikuwa kurejesha mikopo. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na Faulu ikaona vikao vya vikundi vyake vya ukopaji vikidhoofika. Wadau wale hawakuwa na maslahi mamoja, na jaribio ndilo lililoufichua ukweli huo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma pesa nyumbani.

Ukosoaji

Mwaka 2017 msanifu Natasha Jen aliikejeli hadharani mbinu hii nzima ya usanifu kwa kupenda vibandiko na kukwepa kukosoana. Lawama hiyo ni ya haki kwa warsha nyingi. Pasipo mazungumzo ya faragha na wenye uamuzi wiki moja au mbili kabla, makubaliano ya mtandaoni huvunjika kwenye simu inayofuata. Na kumbukumbu zisiachwe kwenye programu peke yake: Google iliufunga ubao wake wa kidijiti, Jamboard, mwishoni mwa mwaka 2024. Anayeandaa warsha achapishe nakala ya maamuzi na kuiacha Bukama, mikononi mwa watu walioyatoa.